Dawa haimwingii mtoto: kosa liko wapi?

Kabla hujamshika mtoto mikono, shika kwanza chupa. Mzazi anayelalamika kwamba mtoto anakataa dawa mara nyingi amebebeshwa tatizo lililoanzia dirisha la dawa: dawa ni nyingi mno kwa tumbo dogo, imechanganywa vibaya, inapimwa kwa kijiko cha sukari, au imetolewa kama kidonge ambacho mtoto wa miaka miwili hawezi kukimeza. Mwongozo huu unamhusu mtoto wa miezi michache hadi miaka mitano hivi, aliyepimwa na kuandikiwa dawa na mhudumu wa afya. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayeumwa hakadiriwi nyumbani. Huyo apelekwe kituoni.

Andika mambo matano kwenye karatasi moja: uzito wa mtoto wa siku hiyo, jina la dawa, nguvu yake (kwa mfano mg 125 katika kila ml 5), kiasi cha kila dozi, na mara ngapi kwa siku ngapi. Bahasha za dawa huandikwa kwa mkato: 1 × 3 ni kimoja kutwa mara tatu, si vitatu kwa mpigo; 5 ml × 2 ni ml 5 asubuhi na ml 5 jioni. Kama bahasha imeandikwa "kijiko kimoja" bila ml, rudi dirishani ukaulize kabla hujapanda daladala.

Anafunga mdomo, anatema, anarusha mateke

Anza na ujazo. Chukua mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia, aliyeandikiwa amoksilini mg 500 kutwa mara mbili kwa siku 5. Akipewa dawa ya maji yenye mg 125 katika ml 5, kila dozi ni ml 20, ambayo hata mtu mzima angeinywa kwa kukunja uso. Ile yenye mg 250 katika ml 5 inashuka hadi ml 10. Vidonge vya kuyeyuka vya mg 250 ni viwili tu, na vinayeyuka katika vijiko viwili vya maji. Dawa iliyomo ni ile ile. Kazi ya kumnywesha ndiyo inayopungua nusu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mfamasia au mhudumu wa duka la dawa muhimu ni hili: "Hakuna yenye nguvu zaidi, au ya vidonge vya kuyeyuka?" Ukibadilishiwa, ml mpya ziandikwe juu ya chupa. Kubadili chupa na kuendelea na ml za zamani ni kumpa mtoto dozi maradufu.

Ujazo ukiwa mdogo na bado anatema, basi ni uchungu. Metronidazoli, prednisoloni, kloksasilini na dawa ya mseto ya malaria isiyo ya watoto zina uchungu wa kweli, na kidonge chenye ganda kikisagwa huwa kichungu zaidi kwa sababu ganda ndilo lililokuwa likificha ladha. Mpe vijiko viwili vya maji baridi sana au mtindi ili ulimi upoe, mpe dawa, kisha bila kuchelewa mpe kijiko cha kitu anachokipenda. Kwa aliyezidi mwaka, asali kidogo au siagi laini ya karanga iliyopakwa ulimini hufunika uchungu kuliko sukari. Chini ya mwaka mmoja asali hairuhusiwi hata ya kulamba, kwani inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa kupooza misuli.

Usimwage dawa kwenye chupa nzima ya maziwa wala bakuli la uji. Akibakiza nusu, hujui ameingiza kiasi gani. Baya zaidi, akiisikia ladha ataususa uji wenyewe, na mtoto mgonjwa aliyesusa chakula amekuongezea tatizo la pili. Kijiko kimoja cha chakula laini kinatosha, tena baada ya kuuliza kama dawa hiyo inachanganyika na chakula. Siprofloksasini haiendi na maziwa. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma haiendi na chai wala maziwa, kwa sababu huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Iende na maji au juisi ya chungwa.

Kisha tazama mkao. Mpakate upande mmoja, ameketi, kichwa kimeinuka na kuegemea mkono wako. Mkono wake wa karibu upite nyuma ya mgongo wako, ule wa pili uushike kwa kiganja. Anayepigana sana mfunge kanga kuzunguka mabega na mikono, lakini kifua kibaki na nafasi ya kupumua. Tumia sirinji isiyo na sindano, ya ml 2 au 5. Ipitishe pembeni ya mdomo, ncha iwe kati ya fizi na shavu, usukume nusu ml hadi ml 1 tu, kisha subiri ameze. Dawa inayomwagwa katikati ya ulimi ama husukumwa nje na ulimi, ama hurushwa moja kwa moja kooni. Mtoto wa miezi michache anayeishikilia dawa mdomoni, mpulizie usoni pumzi moja nyepesi. Wengi humeza papo hapo.

Wakati nao una kazi yake. Mtoto anayenyonya apewe akiwa na njaa kidogo, kabla ya titi, kisha anyonyeshwe. Akishashiba, dawa ndiyo itakayotoka kwanza. Kwa dawa ambazo lebo yake inataka chakula, mpe nusu ya mlo, kisha dawa, kisha amalizie.

Mtoto wa miaka miwili na kuendelea hagombani na ladha peke yake, anagombania madaraka. Mpe yale anayoweza kuamua: kikombe chekundu au cha bluu, kwa baba au kwa bibi, kwa sirinji au kwa kijiko. Kunywa au kutokunywa hakuwekwi kwenye orodha. Usimwambie ni pipi. Uongo huo una gharama mbili: safari ijayo hakuamini, na siku akikuta vidonge mezani atavitafuta kama pipi.

Anapaliwa, anakohoa, anageuka rangi

Hili si tatizo la mtoto, ni la njia. Kumlaza chali, kumziba pua ili afungue mdomo, na kumwagia dawa au uji huku analia ni mambo matatu ambayo bado yanafanyika majumbani kwa nia njema kabisa, na yote matatu huifungulia dawa mlango wa mapafu. Anayelia huvuta pumzi kwa nguvu baada ya kila kilio, na kilichoko mdomoni huvutwa pamoja nayo. Ngoja atulie, hata kama ni dakika kumi. Akikohoa, acha mara moja, muinamishe mbele, asafishe koo mwenyewe.

Sirinji nyingi za dawa za watoto huja na kifuniko kidogo cha plastiki kwenye ncha. Kitoe na ukitupe siku ya kwanza, kwa sababu hukwama kooni kirahisi. Vidonge vizima visipewe mtoto mdogo hata kama kaka yake alimeza akiwa na umri huo.

Akibaki anapumua kwa shida, anakoroma kifuani au midomo imekuwa ya kijivu au bluu baada ya kupaliwa, nenda kituoni bila kusubiri kuona kama itapita.

Anatapika baada ya kumeza

Tofautisha kwanza kutapika na kucheua. Maziwa kidogo yanayotiririka kwenye kona ya mdomo baada ya kubeuliwa ni kucheua, na dozi hairudiwi. Kutapika ni tumbo kujikaza na vitu kutoka kwa kishindo.

Kwa antibiotiki kama amoksilini: akitapika ndani ya dakika 30, rudia dozi nzima mara moja. Zikizidi dakika 30, usirudie. Subiri saa ya dozi inayofuata. Kwa dawa ya mseto ya malaria muda ni mrefu zaidi: akitapika ndani ya saa moja, dozi hurudiwa. Ndiyo sababu dozi ya kwanza hupaswa kumezewa kituoni na mtoto kutazamwa kwa saa hiyo moja, jambo linaloruka kwa urahisi foleni ikiwa ndefu. Kwa kuwa ukirudia dozi nyumbani pakiti itapungukiwa, rudi ukaombe ya kujazia. Usimalizie siku ya tatu kwa dozi pungufu.

Parasetamoli usiirudie kwa kukisia, kwa sababu kuzidisha kwake hudhuru ini. Dawa za kifafa, za moyo na za kisukari usizirudie kabla ya kuwasiliana na aliyeziandika.

Sababu za kutapika hutofautiana na tiba yake hutofautiana. Akitapika kila anapopewa zinki, mara nyingi tumbo lilikuwa tupu. Mpe baada ya kunyonya au kula kidogo. Akitapika kwa kuingizwa sirinji mbali mno, ncha imegusa mzizi wa ulimi, irudishe shavuni. Akitapika kwa sababu ml 10 zilimiminwa kwa sekunde tano, zigawe ndani ya dakika tano. Akitapika kila kitu, dawa, maji na maziwa, hilo ni dalili ya hatari na matibabu ya nyumbani yameishia hapo.

Chupa imeisha mapema, au siku zimeisha na dawa imebaki

Piga hesabu ukiwa bado dukani. Yule mtoto wa kilo 12 akipewa ile ya mg 125 katika ml 5 hunywa ml 40 kwa siku. Chupa ya ml 100 inakwisha siku ya tatu asubuhi, nawe uliandikiwa siku 5. Wengi hapo huona dawa imeisha, mtoto kachangamka, mambo yamekwisha. Kumbe alihitaji chupa mbili.

Hesabu ikiwa sawa na bado chupa haiendani na siku, chunguza kipimo. Vijiko vya chai vya jikoni havina ukubwa mmoja. Kimoja hubeba chini ya ml 3, kingine hukaribia 6. Tumia sirinji au kijiko cha plastiki chenye alama. Kiinue hadi usawa wa jicho, kwa sababu ukitazama kwa juu unasoma vibaya. Kwenye sirinji, ondoa mapovu kwanza, kisha soma pale ukingo wa juu wa mpira mweusi unapogusa mstari. Ml 7.5 kwa sirinji ya ml 5 ni mivuto miwili: 5, kisha 2.5. Usitumie sirinji ya insulini: alama zake ni yuniti, na yuniti 100 ni ml 1. Anayesoma 5 pale anampa mtoto sehemu moja ya ishirini ya ml.

Kisha chunguza uchanganyaji. Dawa ya unga ya kuchanganya na maji ina mstari au mshale kwenye chupa au lebo. Gonga kwanza chupa kwenye kiganja mpaka unga ulegee usigande chini. Tia maji yaliyochemshwa na kupoa kabisa hadi nusu, funga, tikisa kwa nguvu. Acha povu lishuke. Ongeza maji polepole mpaka mstari, tikisa tena. Ukisoma kiwango huku povu limejaa, umedanganyika: povu likishuka, maji yatakuwa chini ya mstari na dawa imekuwa kali. Ukipitisha, imekuwa nyepesi. Chupa ya ml 100 iliyojazwa hadi 120 inageuza mg 125 kuwa mg 104 hivi. Maji ya moto hugandisha unga na huharibu dawa.

Tikisa kila mara kabla ya kupima, si siku ya kwanza tu. Dawa hizi hazijayeyuka kabisa, zimeelea, na zikikaa hushuka chini. Asiyetikisa humpa mtoto maji matamu siku mbili za mwanzo na tope la dawa siku za mwisho. Ukiona chini ya chupa kuna masalia mazito mwishoni, huenda hiyo ndiyo sababu ya mtoto kutopata nafuu mapema.

Baada ya kuchanganywa, amoksilini kwa kawaida hudumu siku 7, na baadhi hufika 14 ndani ya friji. Lebo ndiyo yenye neno la mwisho. Amoksilini yenye klavulaneti inahitaji friji baada ya kuchanganywa. Kama nyumbani hakuna, sema hapo hapo dukani, uulizie ya vidonge vya kuyeyuka. Kuiweka dirishani penye upepo si friji. Isiwekwe kwenye sehemu ya kugandisha barafu. Iliyobaki baada ya siku zilizoandikwa imwagwe, haingoji mdogo wake augue.

Kidonge hakiyeyuki, hakisagiki, hakimezeki

Kidonge cha kuyeyuka hakihitaji kinu wala migongo ya vijiko. Kiweke kwenye kijiko au kikombe kidogo, tia ml 5 hadi 10 za maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, zungusha taratibu mpaka kisambae. Mpe yote, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo, naye anywe masuuzo hayo. Dawa isiyomfikia mtoto mara nyingi imebaki imeganda kwenye kuta za kikombe.

Kikibaki na madonge baada ya dakika chache, huenda si kidonge cha aina hiyo, soma pakiti. Usisage bila kuuliza. Vidonge vinavyotoa dawa polepole vikisagwa humwaga dozi ya siku nzima kwa mara moja, na vyenye ganda la kulinda tumbo hupoteza kinga hiyo. Valproeti ya vidonge ya mgonjwa wa kifafa ni mfano: iombe ya maji.

Dawa ya mseto ya malaria ya watoto, yaani ALu ya kuyeyuka, huenda kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja, kilo 15 hadi chini ya 25 viwili, kutwa mara mbili kwa siku 3, jumla dozi sita. Makosa mawili hurudiwa sana hapa. La kwanza ni saa: dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, si kesho yake asubuhi. Aliyepewa ya kwanza saa 12 jioni kituoni anapaswa kuamshwa saa 8 usiku. Mama amwamshe mtoto. Si lazima afumbue macho kabisa, lakini aketishwe na ameze akiwa macho kiasi cha kumeza. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni. La pili ni mafuta. Lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo, huingia mwilini vizuri ikiambatana na mafuta. Titi la mama linatosha. Kwa mkubwa, maziwa, uji wa karanga au chakula kilichoungwa kwa nazi. Uji mtupu wa maji na chai ya rangi havisaidii kitu.

Kifua kikuu kina habari njema ambayo wazazi wengi hawajaambiwa: kidonge cha watoto cha dawa tatu pamoja, chenye rifampisini mg 75, isoniazidi mg 50 na pirazinamidi mg 150, huyeyuka na kina ladha ya matunda. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kukisambaza kitaifa, mwaka 2016. Huyeyushwa katika ml 50 za maji na kunywewa ndani ya dakika 10. Idadi hufuata uzito: kilo 4 hadi 7 kimoja, 8 hadi 11 viwili, 12 hadi 15 vitatu, 16 hadi 24 vinne. Sasa fikiria mtoto aliyeanza na kilo 7, akarudiwa na hamu ya kula, akala, akafika kilo 8. Asipopimwa tena uzito ataendelea kumeza kimoja huku anahitaji viwili. Vivyo hivyo kwa watoto wanaotumia ARV. Na anayetumia dolutegravir, mojawapo ya ARV hizo, akaanzishiwa rifampisini, dolutegravir yake hutolewa mara mbili kwa siku badala ya moja, kwa sababu rifampisini huifanya iishe haraka mwilini. Mama akiona dozi imeongezwa asidhani karani amekosea, na asiipunguze.

Amemeza vizuri lakini homa haishuki

Parasetamoli haiponyi ugonjwa. Hushusha homa kwa saa chache na homa hurudi. Hiyo si kushindwa kwa dawa. Kiasi chake ni mg 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 12 anayetumia ile ya mg 120 katika ml 5, hiyo ni ml 5 hadi 7.5. Wengi wanaosema haifanyi kazi wanampa mtoto huyo ml 2.5, kwa sababu ndicho kipimo alichokuwa anapewa akiwa na miezi minne.

Hatari iko upande wa pili. Kuna parasetamoli ya matone yenye mg 100 katika kila ml 1. Mzazi aliyezoea "kijiko kimoja" akimpa mtoto wa kilo 12 ml 5 za matone hayo, amempa mg 500. Soma nguvu kila unaponunua chupa mpya. Angalia pia dawa ya mafua na kikohozi: nyingi zina parasetamoli ndani, na ukimpa zote mbili umejumlisha.

Antibiotiki ipe siku mbili kamili kabla ya kuitilia shaka, mradi mtoto ananyonya au anakunywa na hali haishuki. Ikifika siku ya tatu homa iko pale pale au anapumua haraka zaidi, rudi. Malaria nayo, homa ikiendelea baada ya siku tatu za dawa, apimwe upya. Kabla ya kulaumu dawa pitia yale ya juu: uzito, kutikisa, kipimo, matapishi, saa. Kama yote yako sawa na dawa ina rangi, harufu au pakiti usiyoielewa, usiitupe. Ipeleke ulikoinunua au kituoni. Tanzania taarifa za dawa zenye mashaka hupokelewa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu.

Dozi imerukwa, au imetolewa mara mbili

Ukikumbuka kabla nusu ya muda haijapita, mpe. Ikishapita nusu, ruka uende inayofuata. Kwa dawa ya kutwa mara mbili, nusu ni muda wa saa sita. Usimpe mbili kufidia. Kwa dawa ya mseto, mpe ukikumbuka, kisha endelea mpaka dozi sita zitimie.

Kutolewa mara mbili hutokea zaidi kwenye nyumba zenye walezi wengi: mama ametoa kabla ya kwenda kazini, dada wa kazi akatoa alipoona chupa mezani, bibi naye akaona homa. Bandika karatasi kwenye kabati, kila anayetoa aweke alama na saa. Saa ziandikwe wazi: kutwa mara tatu ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, si baada ya kila mlo kwa nyumba inayokula saa 4, saa 8 na saa 2. Mtoto anayekwenda chekechea, omba kama kuna dawa ya kutwa mara mbili. Shule itoke kwenye hesabu.

Mkojo wa rangi ya chungwa, kinyesi cheusi, kuhara, upele

Rifampisini hugeuza mkojo, machozi na jasho kuwa rangi ya chungwa au wekundu. Si damu. Madini ya chuma hufanya kinyesi kuwa cheusi. Antibiotiki huleta kuhara kwepesi. Endelea na dozi, mpe ORS, maji na titi zaidi. Pakiti ya ORS ya lita 1 huyeyushwa katika lita 1 kamili, na aliye chini ya miaka miwili hupewa ml 50 hadi 100 kila anapohara. Kinyesi chenye damu hakimo kwenye kundi hili, mpeleke.

Upele mtambarare usiowasha unaotokea siku kadhaa baada ya kuanza amoksilini mara nyingi hutoka kwenye ugonjwa wenyewe, lakini mpigie aliyeandika kabla ya dozi inayofuata. Vipele vya kuwasha vinavyoinuka na kuhamahama, midomo au macho kuvimba, sauti kukauka au kupumua kwa mluzi ni mzio: simamisha dawa, mpeleke sasa, na jina la dawa hiyo liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki. Malengelenge, au vidonda mdomoni na machoni vikiandamana na upele, hayo pia ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa usiendelee na dozi nyumbani

Hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua haraka huku mbavu zinabonyea. Ukiona moja kati ya hayo, safari ianze.

Vivyo hivyo akiwa amekunywa dawa kupita kiasi, hata kama anacheza. Sumu ya parasetamoli kwenye ini haionekani siku ya kwanza, na dawa ya kuizuia hufanya kazi vizuri ikiwahi. Vidonge vya chuma vya mama mjamzito, vingi vyekundu na vya kung'aa, vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo, kwa hiyo visikae kwenye mkoba wala chini ya mto. Usimtapishe kwa kidole, usimpe maziwa wala mafuta ya kula ya "kukata sumu". Mchukue pamoja na chupa au pakiti yenyewe, hata ikiwa tupu, na ukifika uwaambie uzito wake, alichokunywa, kiasi unachodhani kimepungua, na saa.